Jinsi ya Kumwambia Mama Mkwe Kwamba Kazi Imeuawa

Mwanyumba wangu huingia jikoni kwa mama mkwe wetu na kufunua sufuria. Sisemi kwa mfano. Huinua kifuniko, hunusa, kisha huuliza, "Mama, leo tena mlenda? Unatufuga au unatulisha?" Na mama mkwe, ambaye wanachama wa chama kizima cha pamba wakimwona anakuja huzima redio, humpiga begani kwa mwiko na kucheka mpaka anakohoa.

Mimi nilioa katika nyumba hiyo ya mtaa wa Somanda miaka mingi kabla yake. Mpaka leo sijui jiko lao lina dirisha au halina. Mahali pangu ni barazani, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, na kicheko cha jikoni hunifikia kikiwa kimeshapoa.

Mwanyumba ni mume wa mdogo wa mke wangu. Kwao ni Tanga, alikuja Bariadi kufunga mitandao ya kompyuta maofisini, akapenda ubwabwa wa huku, halafu akampenda shemeji yangu, nadhani kwa mpangilio huo. Mimi ni Msukuma wa Meatu, kutoka upande wa Mwanhuzi ambako nyasi ni chache na heshima ni nyingi. Nilifundishwa kwamba mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, na ukiwa na neno lake unalipitisha kwa mtu mwingine. Nimesoma chuo kikuu. Nimeandika makala kadhaa za kukosoa mila, zilizosomwa na mke wangu na mhariri, na kuhusu mhariri sina hakika. Pamoja na hayo yote, nikimwona mama mkwe anakuja njia moja na mimi, hupinda kichochoro cha kwanza ninachokiona, hata kama kinaishia kwenye banda la kuku la mtu.

Naye hunirudishia heshima hiyo hiyo. Akitaka ninywe chai, husema na hewa: "Kuna mtu hapo nje angependa chai?" Mimi huijibu hewa hiyo hiyo kwamba yupo. Yeye humwita mwanyumba "mwanangu." Mimi huniita "mkwe," na si mbele yangu.

Sasa, mama mkwe ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, wakulima huleta pamba kituoni, inapimwa, na jioni kila mmoja hupata ujumbe kwenye simu: mzigo wako umepokelewa, kilo ni hizi. Programu iliyotuma ujumbe huo niliiandika mimi, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya chama. Niliifanya bila malipo, na watu wakasifu moyo wangu wa kujitolea. Kilichonisukuma kilikuwa kitu kimoja tu. Kazi ya kutuma ikiisha, programu ilimpelekea mwenyekiti ujumbe wake peke yake: "Shikamoo mama. Kazi ya leo imekwisha salama."

Naye alijibu, "Marahaba."

Alijua vizuri kwamba ni mashine. Lakini maneno yalikuwa yangu, na majibu yalipitia kwenye simu yangu. Katika miaka yote ya ndoa yangu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu pekee yasiyokuwa na mtu katikati. Jioni za msimu nilikuwa nakaa na simu mapajani kama kijana aliyeposa. Mke wangu alikuwa akiniuliza ninasubiri nini, nami nikisema nasubiri taarifa ya habari.

Hapa inabidi nieleze kidogo programu ile ilivyofanya kazi, maana ndipo nilipojichongea. Haikutuma ujumbe yenyewe. Ilizaa programu nyingine ndogo, ikaipa orodha ya wakulima, ikaiambia nenda. Mafundi huiita ya kwanza mzazi na ya pili mtoto. Mtoto akiondoka duniani, mzazi huuliza kilichompata, na jibu huja kwa namba. Sifuri maana yake mtoto amemaliza vizuri. Moja, au namba nyingine ya juu, maana yake amemaliza mwenyewe ila kuna shida kidogo, labda kifurushi cha ujumbe kimekwisha. Lakini ipo namna nyingine, ambapo mtoto hakumaliza kabisa. Kompyuta imemuua katikati ya kazi, pengine kwa sababu kumbukumbu yake ilijaa ikabidi apatikane wa kutolewa. Katika lugha niliyotumia mimi, msiba huo huja na alama ya kutoa mbele. Amri ya kumsimamisha mtoto huitwa ishara, na kila ishara ina namba yake; aliyeuawa kwa ishara namba tisa, ile isiyobishiwa, unaletewa hasi tisa.

Hayo niliyajua, wala sikuyapuuza. Nilichoshindwa ni maneno. Nilikaa alasiri nzima nikijiuliza: hasi tisa ikija, nimwandikie nini mama mkwe? Kwetu msiba hauletwi kwa neno lake. Mtu akifa Maswa, anayepiga simu Bariadi husema mgonjwa amezidiwa, njooni. Kila mtu anajua, na kila mtu anafunga safari akisema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Neno lenyewe hutamkwa mkishafika, mkishakaa, mkishapewa maji. Leo mimi, mkwe, nimwandikie mama wa mke wangu neno "imeuawa," tena jioni, tena bila kumpa maji?

Nikaandika: "Shikamoo mama. Kazi ya leo haijisikii vizuri." Na kwa kuwa nilikuwa nimeipenda sentensi hiyo, nikaiweka pia kwenye ile shida ndogo ya kifurushi kuisha. Ugonjwa ni ugonjwa.

Msimu ulipokaribia katikati, kazi ikaanza kuumwa mara kwa mara. Kila ujumbe ulipofika, mama mkwe alijitanda kitenge akaenda ofisini, kama mtu anayeitwa msibani, na kila mara akakuta ni kifurushi tu. Akazoea. Siku kompyuta ilipomuua mtoto kweli, orodha ikiwa imefika nusu, ujumbe wangu ulikwenda na maneno yale yale, naye akajibu, "Marahaba. Ipumzike. Kesho itaamka."

Nilifurahi sana. Hakuwahi kuniandikia maneno mengi kiasi hicho.

Asubuhi kituoni palikuwa hapatoshi. Nusu ya watu walikuwa na ujumbe na nusu hawana, na wasio nao walikuwa wamehitimisha kwamba pamba yao imepewa wenye nao. Mama mkwe alisimama mbele ya mzani na kanga yake ya chama, nami nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimejificha nyuma ya robota la pamba.

"Mwenyekiti, kilo zangu zimelala wapi?" mzee mmoja aliuliza.

"Zipo. Mashine iliumwa."

"Ikiumwa inasahau nusu tu? Mbona ya jirani yangu imeikumbuka?"

"Labda jirani yako ndiye daktari wake," mwingine alidakia, na watu wakacheka kile kicheko kisicho kizuri.

Mama mkwe alimgeukia karani wa mzani. "Karani, mwulize mkwe wangu, jana mashine iliumwa au ilikufa?"

Karani akanitazama. Mama mkwe akatazama mzani. Nikamwambia karani, kwa sauti ambayo hata ng'ombe wa kwenye mkokoteni waliisikia, kwamba kwa kweli ilikuwa imekufa.

"Karani, mwulize kwa nini hakusema."

Nikamwambia karani nilikuwa nimesema, kwa heshima.

Mwanyumba alikuwapo. Mwanyumba huwapo. Alikuja akaniwekea mkono begani, akasema, "Kaka msomi, usijali, niachie wiki hii." Neno "usijali" likitoka kwa mtu anayefunua sufuria nisizoruhusiwa kuziona haliwezi kufariji.

Kamati ilikaa Jumamosi iliyofuata kuchagua programu ya kumaliza nayo msimu: yangu au ile ambayo mwanyumba alikuwa ameiandika wiki hiyo. Aliiweka kompyuta mezani, akaanzisha kazi, kisha mbele ya wajumbe wote akamuua mtoto makusudi. Alibonyeza vitufe viwili vitatu huku anaongelea mpira. Simu ya mama mkwe ikalia. Mjumbe mmoja akasoma kwa sauti: "Kazi imeuawa kabla ya kumaliza. Ishara namba tisa. Wakulima kadhaa hawajapata ujumbe, orodha yao ni hii. Bonyeza moja kuanzia hapo."

Mjumbe mmoja wa kike akasema taratibu, "Hiyo hata mimi nimeielewa."

Nikainua mkono. Nikamwomba karani amwambie mwenyekiti kwamba ujumbe ule hauna hata shikamoo.

Wajumbe walicheka. Mama mkwe hakucheka. Alimwambia karani, "Mwambie mkwe, shikamoo napewa na wajukuu hadi nachoka. Hapa nataka habari."

Yangu ikaondolewa siku hiyo hiyo. Mwanyumba mwenyewe ndiye aliyeifuta, akiniuliza kwa upole kama nina nakala. Jioni nilikaa na simu mapajani kwa mazoea. Haikulia. Mke wangu akauliza taarifa ya habari imekuwaje, nikasema leo hakuna jipya.

Kuanzia hapo nikaingia katika kazi niliyoipa bidii ambayo sijawahi kuipa tasnifu wala makala yoyote: kutafuta kosa katika programu ya mwanyumba. Alinipa msimbo wake wote bila hata kuuliza sababu, jambo lililoniudhi zaidi. Nikausoma mstari kwa mstari, nikitumaini kwamba amebahatisha.

Hakubahatisha. Alikuwa ametumia lugha nyingine, yenye maktaba nyingine, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili wengine wavitumie, na kumbe maktaba hizi, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zina tabia mbalimbali za kuleta msiba. Habari ni moja, kompyuta inaitoa moja, lakini kila maktaba huivalisha kwa adabu za kwao. Ile niliyoitumia mimi huleta namba hasi, kama mtu aliyevaa shati ndani nje: hasemi kitu, ila ukimwangalia vizuri utajua. Ile njia ya zamani ya kuandika amri kwenye kompyuta huchukua tisa, ikaijumlisha na mia moja ishirini na nane, ikakuletea mia moja thelathini na saba. Huyo namjua. Ni baba mdogo wangu wa Mwanhuzi: atauliza mvua, atauliza ng'ombe, atauliza watoto wanasoma wapi, na habari aliyoijia utaipata ukitoa yote hayo. Ile ya mwanyumba ina visanduku viwili. Kimoja ni cha namba ya aliyemaliza mwenyewe, kingine ni cha jina la ishara iliyomuua. Mtoto akiuawa, kisanduku cha kwanza hubaki kitupu kabisa. Hakiandiki sifuri, maana sifuri ingekuwa uongo wa kumwambia mama amemaliza vizuri. Kipo kitupu, na cha pili kimejaa. Huwezi kusoma vibaya hata ukijaribu.

Nilijaribu.

Kosa pekee nililolipata si lake. Ishara husema mtoto alipigwa na nini. Haisemi nani alipiga. Hata maktaba ya mwanyumba, pamoja na visanduku vyake, haijui. Nilimpelekea ugunduzi huo kama mtu anayepeleka mashtaka.

"Kweli kaka," alisema, akila embe. "Hapo kila mtu anakisia."

Nikarudi nyumbani sijashinda chochote. Njiani nilijikumbusha jambo lingine la fani hiyo ambalo siku zote limenitisha kidogo: mtoto akifa na mzazi asiulize, jina lake haliondoki kwenye orodha ya walio hai. Amekwisha, hafanyi kazi, hali, lakini amesimama pale pale mpaka mzazi aulize. Habari ipo tayari. Inasubiri swali. Nilidhani hiyo ndiyo hali yangu na mama mkwe, na nikajionea huruma mpaka mlangoni kwangu.

Msimu ulikuwa umefungwa, na mpunga ulishavunwa, dada mkubwa wa mama mkwe alipougua. Alikuwa bibi mzee sana wa Binza, pale Maswa. Mke wangu na mdogo wake walikwenda kumuuguza. Jumapili moja baada ya ibada nikamwona mwanyumba amesimama getini kwangu, simu mkononi, shati halijachomekewa.

"Kaka," alisema, "bibi wa Binza hatunaye."

Nikampa pole, kisha nikauliza swali ambalo mtu mwema asingeliuliza: "Nani kakupigia?"

"Mkeo."

"Mke wangu mimi?"

"Kasema simu yako inaita tu. Kaka, sikiliza. Mama hajaambiwa. Yuko peke yake nyumbani na ndugu wengine wote wako Binza. Nimefika mpaka mlangoni kwake nikageuza. Siwezi."

"Wewe? Si unaandika tu: imeuawa, ishara namba tisa?"

"Usinitanie leo." Alijaribu kuchomekea shati, likamshinda. "Mimi nikiingia pale anajua nimekuja kula. Nitaanzaje? Wewe ndiye unajua kuyazungusha haya."

Sitasema nilihisi huzuni tu. Nilihisi, mbele ya huzuni na ikiisukuma kwa kiwiko, furaha ndogo mbaya, kwamba kuna sufuria moja mwanyumba hawezi kuifunua. Nikavaa koti.

Mama mkwe alikuwa barazani, amekaa mkekani, anachambua mchele kwenye ungo. Kiti changu cha waya kilikuwa mahali pake. Nilikaa. Mwanyumba alibaki kwenye gari barabarani. Hapakuwa na mjukuu, hapakuwa na karani. Hewa ilikuwapo, lakini nilijua safari hii haitatosha.

"Mwadila mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikitazama ungo. Halafu, kwa kuwa mkono uliozoea kuandika huutangulia mdomo, nikaongeza, "Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aliendelea kutoa mawe, anaweka pembeni.

"Mama, dada yako amezidiwa sana. Tumekuja na gari. Ingefaa twende Binza."

Vidole vilisimama. Nilisubiri ainuke, atafute kitenge, aseme basi twende tukamwone mgonjwa, maana ndivyo inavyotakiwa, na njiani tungekaa na mgonjwa wetu wa uongo mpaka Maswa. Hakuinuka. Aliinua macho akanitazama usoni. Macho yake ni ya mke wangu, na hilo sikulijua.

"Mkwe," alisema. Kwangu mimi. "Amemaliza mwenyewe, au amekatizwa?"

Halikuwa swali dogo. Binza kuna ndugu ambao, mzee akifa, hawalali mpaka wampate aliyemuua, na wapiga ramli wa kuwasaidia hawakosekani. Kizee jirani mwenye macho mekundu, wa kubebeshwa uchawi, huwa hayuko mbali. Mama mkwe anaimba kwaya na hataki kuyasikia hayo, lakini alijua atayakuta uani kwa dada yake kabla hajavua viatu, na alitaka kuingia na jibu lake mkononi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na visanduku viwili mbele yangu, na ilinibidi niache kimoja kitupu.

"Amemaliza mwenyewe, mama. Alfajiri, usingizini. Hakuna kilichomkatiza."

"Nani alikuwa naye?"

"Binti zako wote wawili. Mkubwa alikuwa amemshika mkono."

"Umewauliza wewe?"

"Nimempigia mke wangu nikiwa njiani. Nimemuuliza mambo yote."

Aliutazama ungo. Akakusanya mchele, akaumimina kwenye sufuria taratibu usimwagike, akafunika.

"Marahaba," alisema.

Sijui kama alikuwa anajibu salamu ya dakika chache zilizopita au za msimu mzima. Sikuuliza. Nilinyanyuka nikasimama pembeni ya kiti, nikitazama ukuta, ili alie bila mkwe kumwona. Lakini alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kitenge.

Kwenye gari alikaa mbele, kando ya mwanyumba. Mimi nilikaa nyuma na gunia la mchele, masufuria ya msibani na jembe moja ambalo hakuna aliyesema ni la nini. Tulipoipita njia ya kuingia Maswa mjini ndipo alipoanza kulia, kwa sauti ya chini, kichwa kikiwa kimeegemea bega la mwanyumba, na mwanyumba naye analia waziwazi kama mtoto, gari linakwenda upande upande. Mimi nilikuwa nimekumbatia gunia. Nilikuwa nimempa habari, nilikuwa nimempa ukweli, na bega ni la mwingine.

Baadaye kidogo mama mkwe alijipangusa kwa kiganja, akasema na kioo cha mbele, "Kuna mtu huko nyuma ana leso?"

Nilikuwa nayo, safi, imepigwa pasi. Nikampa mwanyumba, naye akaachia usukani mkono mmoja akampa.

"Asante, mwanangu," mama mkwe alisema.